William Hogarth: picha za kusomwa

Mchoraji ana kazi gani katika jarida la kitivo cha lugha? Huyu ninamleta kwa sababu alitaka picha zake zisomwe kama kitabu.

William Hogarth alizaliwa London mwaka 1697. Baba yake, Richard, alikuwa mwalimu wa Kilatini na mtunzi wa vitabu vya shule. Alifungua hata mkahawa wa watu wa kuzungumza Kilatini. Biashara ikafa, akafungwa kwa ajili ya madeni. Alifariki mwaka 1718 bila kuona kamusi yake imechapwa, na mwanawe aliwalaumu wauza vitabu.

Kijana alijifunza kuchonga nakshi kwenye vyombo vya fedha, kisha akaingia katika mabamba ya shaba, ambako hata herufi huchongwa kinyume ili karatasini zisomeke sawa. Mwaka 1732 alitoa mfululizo wa picha sita juu ya maisha ya kahaba.

Tuitazame ya kwanza. Msichana ameshuka kwenye gari la farasi lililotoka York. Katikati ya picha, mwanamke mzee anamshika kidevu kwa upole, kama shangazi aliyekuja kumpokea; kumbe anamtafutia wanaume. Upande wa kulia, mlangoni, bwana mmoja anasubiri. Upande wa kushoto kasisi yuko juu ya farasi: angeweza kumwokoa, lakini macho yake yamezama katika barua, na farasi wake anaangusha vyombo vilivyopangwa. Chini kuna kapu lenye bata bukini aliyekufa, shingo inaning'inia. Msichana haoni lolote kati ya hayo. Sisi tunayaona yote kwa mara moja, na hapo ndipo ninapoona ustadi wa Hogarth: mwandishi angelazimika kuyataja moja baada ya jingine, naye ameyaweka pamoja, akatuachia sisi kuyaunganisha. Vyombo vinavyoanguka na shingo ya yule bata vimekwisha kutuambia mwisho. Katika picha ya sita watu wamezunguka jeneza. Kibao chake kinaonyesha marehemu alikuwa na miaka 23.

Picha ziliuzwa sana, na wezi wakazinakili mara moja. Mtoto wa Richard hakukubali kuliwa na wafanyabiashara kama baba yake. Pamoja na wachongaji wenzake alilishtaki jambo hilo Bungeni, na sheria ya mwaka 1735 ikampa mtunzi wa picha haki ya miaka 14. Mfululizo wake uliofuata, wa picha nane, aliuzuia makusudi mpaka sheria ilipoanza kutumika tarehe 25 Juni.

Alifariki mwaka 1764. Mjane wake, Jane, aliendelea kuuza chapa kutoka mabamba yaleyale, na mwaka 1767 Bunge lilimwongezea miaka 20.