DANIEL BERNOULLI, DAKTARI ALIYEFUATA HESABU

Jina la Bernoulli si geni kwako ikiwa umewahi kufungua kitabu cha fizikia ukafika kwenye mada ya mtiririko wa maji na hewa. Ndiye yule wa kanuni isemayo kwamba mahali maji yanapokwenda kasi, shinikizo lake hupungua. Tunaikariri, tunachora bomba lililobanwa katikati, tunapata alama zetu, basi. Ni wachache wanaojiuliza mwenye jina alikuwa nani.

Mimi nilipoanza kumsoma nilikuwa natafuta jambo jingine kabisa. Nilitaka kujua kama mtu mwenye akili timamu anaweza kuuacha udaktari akafuata hesabu, kwa sababu nyumbani kwetu hilo ndilo swali la mwaka huu. Baba yangu, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi, anataka daktari katika ukoo. Mimi nataka takwimu bima, ile kozi ambayo huku shuleni tunaiita akchuari. Ni elimu ya kupima hatari kwa hesabu, ili kampuni ya bima ijue itoze kiasi gani na mfuko wa pensheni ujue uweke akiba kiasi gani. Kumbe Bernoulli alipitia hayo hayo, tena makubwa zaidi!

Daniel Bernoulli alizaliwa mwaka wa 1700 huko Groningen, Uholanzi, ambako baba yake, Johann, alikuwa profesa wa hesabu. Lakini kwao hasa ni Basel, Uswisi. Huko babu yake alikuwa mfanyabiashara wa viungo vya chakula, na kama wazee wengi, alikuwa na mipango yake juu ya watoto. Mwanawe Jakob alitakiwa awe mtu wa dini. Jakob akasomea theolojia hadi akahitimu, huku akijifunza hesabu kinyume cha matakwa ya wazazi. Mdogo wake, huyo Johann, alitakiwa arithi biashara. Biashara ikamshinda, akaruhusiwa kusomea udaktari, naye akawa anafundishwa hesabu na kaka yake pembeni. Hatimaye wote wawili wakawa mabingwa wa hesabu waliojulikana Ulaya nzima.

Ungedhani mtu aliyeonja uchungu wa kulazimishwa hatamlazimisha mwanawe. Wapi! Johann alimtaka Daniel awe mfanyabiashara, na inasemekana hoja yake ilikuwa kwamba hesabu haina pesa. Kijana akapelekwa kujifunza kazi kwa mfanyabiashara, mambo yakaenda kombo. Mzee akalegeza kamba kidogo: haya, basi awe daktari. Daniel akasomea udaktari Basel, kisha Heidelberg, kisha Strasbourg. Mwaka wa 1721 akapata shahada ya udaktari kwa utafiti juu ya namna mtu anavyopumua. La kushangaza ni kwamba mzee yule yule aliyekataa hesabu iwe kazi ya mwanawe ndiye aliyekuwa akimfundisha hesabu nyumbani. Sijui alitarajia nini. Huwezi kumlisha mtoto asali kila jioni, kisha ukashangaa anapoutafuta mzinga.

Baada ya kuhitimu, Daniel aliomba kazi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Basel, mara mbili. Siku hizo pale, wale waliofika hatua ya mwisho walipigiwa kura ya bahati ili apatikane mmoja. Daniel akakosa mara zote mbili! Mtu ambaye baadaye angeiandikia dunia juu ya bahati na hatari, bahati ilimpiga chenga mlangoni kwao wenyewe. Akaenda Venice, Italia, kuendelea na udaktari, akaugua vibaya, na mwaka wa 1724 akatoa kitabu chake cha kwanza. Kilikuwa cha hesabu, si cha dawa. Kitabu hicho ndicho kilichomfungulia njia. Mwaka uliofuata aliitwa St Petersburg, Urusi, kwenye chuo kipya cha wanasayansi, pamoja na kaka yake Nicolaus. Haikupita hata mwaka mzima, Nicolaus akafariki kwa homa. Daniel alibaki katika nchi ya baridi kali, moyo mzito, hadi mwaka wa 1727 alipokuja kijana mwingine wa Basel, Leonhard Euler. Wakafanya kazi bega kwa bega.

Sasa tuingie kwenye kile kilichonifanya nimpende huyu jamaa. Kwanza lazima nimtaje tena ami yake, Jakob. Alikufa mwaka wa 1705, na kitabu chake juu ya uwezekano kikachapishwa mwaka wa 1713. Humo alithibitisha kwa hesabu jambo ambalo bima yote imelisimamia: huwezi kujua ni nyumba ipi itaungua, lakini ukiwa na nyumba nyingi sana, unaweza kukisia vizuri ni sehemu gani ya nyumba hizo itaungua. Kwa mmoja ni giza, kwa maelfu kuna mwanga.

Daniel akaongeza swali ambalo wenzake hawakulitilia maanani. Ni nani anayebeba hatari hiyo? Ana mali kiasi gani? Katika makala yaliyochapishwa St Petersburg mwaka wa 1738 alitoa mfano huu. Maskini mmoja amepata tiketi ya bahati nasibu. Uwezekano wa kushinda dukati 20,000 ni nusu, na wa kukosa kabisa ni nusu. Wastani wake ni dukati 10,000. Anakuja mtu anataka kuinunua kwa 9,000. Je, auze? Hesabu za zamani zingesema asiuze, kwa kuwa 9,000 ni chini ya 10,000. Daniel akasema maskini auze, na tajiri anunue, na wote wawili watakuwa wamefanya jambo la busara. Kwa nini? Kwa sababu kila sarafu inayoongezwa humfaa mtu kidogo zaidi kadiri alivyo na nyingi. Shilingi elfu moja kwa mama mboga si sawa na elfu moja kwa mwenye maghorofa. Sote twalijua hilo tangu utotoni, lakini yeye aliliandikia kanuni ukaweza kulipiga hesabu kwa logi, logi zizi hizi zinazotutoa jasho darasani! Ukienda kusomea uchumi chuo kikuu, wazo hili utakutana nalo mapema.

Mfano wake mwingine ni wa bima hasa. Mfanyabiashara wa St Petersburg, amwite Caius, amenunua bidhaa Amsterdam ambazo zikifika salama zitauzwa rubli 10,000. Katika kila meli 100 zinazosafiri msimu huo, 5 huzama. Kwa hiyo hasara ya wastani ni rubli 500. Lakini mwenye bima anadai 800. Huo si wizi? Daniel akapiga hesabu. Ikiwa Caius ana mali nyingine isiyofika rubli 5,043, afadhali alipe hizo 800, maana meli ikizama atakuwa hoi. Akiwa na zaidi ya hapo, anaweza kujihatarisha mwenyewe. Na yule anayeuza bima naye asithubutu kuibeba hatari hiyo kama mali yake haifiki rubli 14,243. Tazama basi: hesabu ile ile inamlinda mnunuzi, na inamwonya muuzaji asijibebeshe mzigo usiomweza. Hicho ndicho mtaalamu wa takwimu bima hufanya hadi leo, ingawa kwa hesabu ndefu zaidi. Wenzangu wanaoichagua kozi hii kwa kuwa wamesikia mshahara ni mnono, na wanaoikimbia kwa kuwa wamesikia ni hesabu tupu, naona wote wameona upande mmoja tu wa shilingi.

Mwaka wa 1733 Daniel alirudi Basel. Kazi aliyopewa? Kufundisha botania na anatomia! Baadaye alifundisha fiziolojia, na ilikuwa mwaka wa 1750 ndipo akapewa fizikia. Alama alizoziacha kwenye hesabu nyingi zilitoka kwa mtu aliyekuwa akilipwa kufundisha mambo mengine.

Huko nyumbani nako hakukuwa shwari. Mwaka wa 1734 yeye na baba yake walishiriki, kila mmoja kivyake, shindano la Chuo cha Sayansi cha Paris. Wakatangazwa washindi pamoja. Mzazi mwingine angechinja mbuzi. Johann alikasirika kuona amelinganishwa na mwanawe, na inasimuliwa kwamba alimpiga marufuku kukanyaga nyumbani kwake. Daniel alipotoa kitabu chake kikuu juu ya mwendo wa maji mwaka wa 1738, alijiandika kwenye ukurasa wa mwanzo kuwa ni Daniel Bernoulli mwana wa Johann. Mzee hakulainika. Alitoa kitabu chake juu ya mada hiyo hiyo, akakiandika tarehe ya 1732 ili kionekane kilitangulia. Johann alifariki mwaka wa 1748. Mimi huwa nasita nikifika hapa, maana huyu mzee nilitaka kumchukia, lakini bila masomo yake ya nyumbani Daniel tusingekuwa naye.

Je, udaktari ulikuwa bure? Hapana. Wakati huo ndui ilikuwa ikiangamiza watu kama moto wa nyikani. Kulikuwa na njia ya kumwambukiza mtu mzima wa afya ugonjwa huo kwa kiasi kidogo ili apate kinga, lakini wachache walikufa kutokana na njia hiyo, na Ulaya ikagawanyika. Mwaka wa 1760 Daniel aliwasilisha hesabu zake mjini Paris. Alichukua jedwali la vifo alilolitengeneza Edmond Halley kutokana na kumbukumbu za mji wa Breslau, akakadiria ni wangapi hupatwa na ndui kila mwaka na wangapi kati yao hufa, kisha akauliza: ndui ikiondolewa, mtoto anayezaliwa atarajie kuishi muda gani? Jibu lilikuwa kwamba wastani wa maisha ungepanda kutoka miaka 26 na miezi 7 hadi miaka 29 na miezi 9. Miaka mitatu na ushei kwa kila mtoto! Hata alipokadiria kwamba mmoja kati ya 200 atakufa kutokana na kuambukizwa huko, faida bado ilikuwa kubwa. Kazi hiyo ilihitaji mtu anayeujua ugonjwa na anayeijua kalkulasi, na wa namna hiyo hawakuwa wengi.

Ndui ya kuambukizwa kwa kawaida ilionekana mara ya mwisho mwaka wa 1977, hapa jirani, katika mji wa Merca nchini Somalia, baada ya kampeni kubwa ya chanjo duniani kote.

Daniel alishinda tuzo za Paris mara kumi, akafundisha hadi mwaka wa 1776, akafariki Basel tarehe 17 Machi 1782. Hakuoa.

Baba ameyasoma makala haya kabla sijayapeleka kwa mhariri. Juu ya udaktari hakusema neno. Alitaka tu kujua kama yule Caius hatimaye alilipa zile rubli 800, na mimi nikamweleza kwamba inategemea alikuwa na nini kingine dukani.