John Akii-Bua: Medali Huanza na Posho ya Kocha

Ndugu wana-Arusha na wana-Meru, kila tunapofungua daftari la michango, swali la mfuko wa michezo ni lilelile: je, fedha na mafunzo vinaweza kumtoa bingwa wa dunia, au bingwa huzaliwa tu? Mwaka huu tunajibu kwa maisha ya jirani yetu, marehemu John Akii-Bua wa Uganda.

Alizaliwa mwaka 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda, katika familia kubwa ya mitala. Akiwa kijana alijiunga na Polisi, na huko akapata mshahara na nafasi ya kufanya mazoezi. Mwaka 1968 alifika kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, ambaye alimhamisha kutoka mbio za viunzi za mita 110 hadi za mita 400. Hapakuwa na vifaa vya fahari. Alipanda vilima akiwa amejifunga uzito mwilini.

Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa nne. Hakuleta medali, lakini hakuachwa. Tarehe 2 Septemba 1972, katika Olimpiki ya Munich, alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, yenye kona kali kuliko zote. Alishinda kwa sekunde 47.82, rekodi mpya ya dunia, na kuipa Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Baada ya ushindi zilikuja zawadi na sifa, lakini kocha aliondoka. Mwaka 1976 Uganda ilisusia Olimpiki ya Montreal. Tanzania nayo ilisusia, na Filbert Bayi wetu wa Karatu, mwenye rekodi ya dunia ya mita 1,500, akabaki nyumbani. Vita vya 1979 vilimfanya Akii-Bua mkimbizi Kenya, kisha akaenda Ujerumani. Baadaye alirudi kwao akawa kocha, na alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 47. Uganda ilisubiri dhahabu nyingine ya Olimpiki hadi mwaka 2012, yaani miaka 40.

Sisi wa kamati ya fedha tunaisoma hesabu hiyo hivi: fedha hazinunui kipaji, wala hazizuii vita. Lakini kipaji kisicho na kocha, chakula na nauli ya mashindano hubaki kijijini. Na zawadi anayopewa bingwa aliyekwishashinda haimtoi bingwa anayefuata.

Watoto wetu wanapanda na kushuka miteremko ya Meru kila siku, pumzi wanayo. Ndiyo maana mchango wa michezo wa mwaka huu tumeuelekeza kwenye posho ya kocha, chakula cha kambi na nauli, tena kwa miaka minne mfululizo, hata kama mwaka wa kwanza na wa pili hatutaona medali. Tunawaomba mchange mkijua hivyo.