Paul Ehrlich na Shabaha ya Dawa

Kila ninapofundisha sitiari, hutoa mfano wa risasi ya ajabu, jina ambalo Mjerumani Paul Ehrlich aliipa dawa aliyokuwa akiiota: itakayomuua kijidudu na kumwacha mgonjwa salama. Sitiari hiyo imevuma mno, na naona imempunja mwenyewe, kwani Ehrlich alielewa barabara kwa nini risasi hukosa shabaha.

Alizaliwa mwaka wa 1854 mjini Strehlen, ambao leo umo nchini Poland. Alipokuwa akisomea udaktari alivutiwa na rangi za viwandani. Alizitia katika vipande vya mwili, akavitazama kwa hadubini na kugundua kwamba rangi moja hushika seli za aina fulani na kuziacha nyingine. Tasnifu yake ya 1878 ilihusu jambo hilo. Mwaka wa 1891 wagonjwa wawili wa malaria walipewa rangi ya samawati iitwayo methilini, wakapata nafuu.

Kutokana na rangi hizo alifikia wazo kwamba dawa haifanyi kazi isiposhikana na kitu mwilini, mithili ya ufunguo na kufuli. Lakini ufunguo mmoja, wajua, huweza kufungua mlango wa jirani pia. Dawa husafirishwa na damu hadi kila pembe, na popote inaposhika huacha athari, iwe njema au mbaya. Kwa hiyo mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba tembe huutafuta ugonjwa anawapotosha. Kesho mmoja wao atameza mbili badala ya moja akidhani ugonjwa utakimbia upesi zaidi.

Ushahidi mchungu ulipatikana huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka wa 1906 Robert Koch alifika visiwa vya Ssese, Uganda, akawadunga wagonjwa wa malale dawa yenye arseniki iitwayo Atoxyl. Vijidudu vilitoweka katika damu kwa muda. Kipimo kilipoongezwa, baadhi ya wagonjwa walipofuka, kwa kuwa dawa hiyo iliharibu neva za macho.

Kule Frankfurt, Ehrlich na wenzake walikuwa wakibadilisha muundo wa kemikali hiyo, wakitunga mamia ya nyingine za jamii yake. Ile ya 606 ilijaribiwa upya mwaka wa 1909 na Mjapani Sahachiro Hata, ikaponya sungura wenye kaswende. Mwaka wa 1910 ikaanza kuuzwa kwa jina la Salvarsan.

Shangwe hazikudumu. Unga wake uliharibiwa na hewa, na kuuyeyusha kulihitaji ustadi ambao madaktari wengi hawakuwa nao. Wako walioumia ini, wako waliokufa. Ehrlich alikuwa amewataka madaktari wamletee taarifa za wagonjwa wao, naye alizichambua. Mwaka wa 1912 akatoa Neosalvarsan, iliyoyeyuka kwa urahisi ingawa nguvu zake zilikuwa pungufu. Hata hivyo lawama ziliendelea hadi mahakamani mwaka wa 1914, ambako aliyemkashifu alifungwa. Ehrlich alifariki Agosti 1915. Dawa zake za arseniki ziliendelea kutumika, pamoja na madhara yake, hadi penisilini ilipozing'oa katika miaka ya 1940.