Tolkien: Yatima Aliyejaza Riwaya Nyimbo

John Ronald Reuel Tolkien alizaliwa tarehe 3 Januari 1892 mjini Bloemfontein, Afrika Kusini. Baba yake alifariki mwaka 1896. Mama yake, Mabel, alipoingia Kanisa Katoliki mwaka 1900, ndugu walimkatia msaada. Naye alifariki mwaka 1904, akimwachia Padre Francis Morgan wa Birmingham malezi ya wanawe wawili. Tolkien alimhesabu mama yake kuwa shahidi wa imani.

Alipigana vitani Somme mwaka 1916, kisha akawa profesa Oxford. Katika riwaya yake The Lord of the Rings (1954–1955), watu huimba njiani, mezani na msibani. Mtunzi Donald Swann alipoyatilia muziki baadhi ya mashairi yake, Tolkien aliridhika, isipokuwa wimbo mmoja wa kuaga. Huo alimwimbia mwenyewe kwa sauti ya Kigregori, na Swann akaifuata. Kitabu chao kilitoka mwaka 1967. Tolkien alifariki tarehe 2 Septemba 1973.

Filamu za Peter Jackson (2001–2003) ziliacha nyingi za nyimbo hizo. Kazi kubwa ikabebwa na muziki na kwaya za Howard Shore. Hata hivyo, Pippin anamwimbia mtawala anayekula, huku askari wakienda kufa. Maneno hayo kitabuni ni ya safari; hapo yamekuwa maombolezo.

Sisi tunaoimba Zaburi kila siku tunalielewa hilo: maneno yaleyale huimbwa harusini na kaburini, nayo hubeba yote mawili.