Umm Kulthum na Heshima ya Neno

Kuna dai ambalo limezoeleka miongoni mwa walimu na wanafunzi wetu, nalo ni kwamba lugha fasaha haiwafai watu wa kawaida. Ati ukitaka kusikilizwa, sharti uilegeze. Kila nilisikiapo dai hili, huyakumbuka maisha ya Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri aliyefariki tarehe 3 Februari 1975.

Bibi huyu alizaliwa karibu na mwanzo wa karne ya 20 katika kijiji cha Tamay al-Zahayra, kwenye delta ya mto Nile. Babaye alikuwa imamu maskini aliyejiongezea riziki kwa kuimba kaswida harusini. Alipokitambua kipawa cha bintiye, alimvisha mavazi ya kiume ili aimbe hadharani bila ya kulaumiwa. Isitoshe, mtoto huyo alikuwa amesomeshwa Kurani. Huko chuoni ndiko alikofunzwa kuitoa kila herufi mahali pake, kuvuta panapovutwa na kukata panapokatwa.

Alipohamia Kairo katika miaka ya 1920, baadhi ya wajuzi wa mjini walimwona mshamba. Hakukata tamaa, bali alirudi masomoni. Mshairi Ahmad Rami alimfunza ushairi, kisha akamtungia nyimbo nyingi.

Mnamo 1934 redio ya taifa ilipofunguliwa, Umm Kulthum alikuwa miongoni mwa sauti zake za mwanzo. Kati ya 1936 na 1947 alicheza filamu sita za nyimbo, kuanzia Widad hadi Fatma. Filamu zilimpa sura, lakini redio ndiyo iliyomwingiza majumbani na mikahawani. Katika msimu wa maonyesho yake, Alhamisi ya kwanza ya mwezi ilikuwa yake, na wasikilizaji walimngoja hata nje ya Misri.

Sisemi kwamba aliidharau lugha ya mitaani. Nyimbo zake nyingi zi katika Kiarabu cha Kimisri. Hata hivyo, mwaka wa 1966 aliimba Al-Atlal, shairi la Ibrahim Naji lililotungwa kwa Kiarabu fasaha, na likawa kipenzi cha umma, wakiwamo watu ambao hawakuwahi kuketi darasani. Siri ilikuwa nini? Alilitamka kila neno kwa ukamilifu, akaurudia mshororo mara kadhaa, kila mara kwa namna mpya, hata maana ikawakaa wasikilizaji. Je, hiyo si kazi ya mwalimu?

Nami nakiri kosa langu. Nimewahi kulisoma shairi la Muyaka mbele ya darasa kwa haraka, mithili ya mtu asomaye orodha ya majina, kisha nikawalaumu wanafunzi kwa kusinzia. Shairi halikuwa na hatia, wala wanafunzi hawakuwa nayo. Walimu wenzangu, kabla ya kuihukumu lugha kuwa ngumu, na tujiulize kwanza kama tumeitamka.