Jason Sendwe, muuguzi aliyeikosa shule ya wanganga

Hospitali kubwa ya serikali mjini Lubumbashi inaitwa Jason Sendwe. Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wanafanya staje humo, wakihama kutoka chumba cha watoto kwenda cha uzazi, kutoka upasuaji kwenda magonjwa ya ndani, hadi siku wanapopata haki ya kuitwa munganga. Mwenye jina hilo hakuwahi kuipata haki hiyo. Alikuwa mwalimu, muhubiri, muuguzi, kisha asistanti medikali. Baadaye akawa mwanasiasa, na kwa siasa ndiyo watu wengi wanamkumbuka.

Hapa Bukavu jina lake linatajwa kidogo. Lakini muuguzi wa Nguba anayemaliza zamu ya usiku, ananawa uso, kisha anatafuta moto ya kumpeleka Panzi ama Hospitali Kuu ya Jimbo kwa staje ya asubuhi, anaishi jambo ambalo Sendwe alilijua vizuri: kuwa na kazi ya kuponya watu mikononi, na kuitafuta shule juu yake. Tofauti ni kwamba huyu wa Nguba ana fakilte za udaktari katika mji wake, kama ile ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki na ile ya Chuo Kikuu cha Kiinjili kule Panzi. Sendwe hakuwa na hata moja katika inchi nzima.

Alizaliwa mwaka 1917 kijijini Mwanya, teritwari ya Kabongo, kaskazini mwa Katanga, katika jamaa ya Waluba. Shule alizisoma kwa Wamethodisti. Wakati huo mtoto wa kijijini aliyejua kusoma alikuwa na njia chache mbele yake: ukarani, ualimu, kanisa, ama koti jeupe la muuguzi. Sendwe alipita karibu zote. Alifundisha watoto, alihubiri, na alijifunza uuguzi. Tusidhani alikuwa mtu asiyejua anachotaka. Chini ya mukoloni, mtu mweusi mwenye akili alifika haraka kwenye dari ya kila kazi, akalazimika kuhamia nyingine.

Katika matibabu, dari hiyo ilikuwa na jina na mpango wake. Chini kabisa walikuwa wasaidizi wa kuosha vidonda na kugawa dawa. Juu yao wauguzi wenye diploma. Juu ya wauguzi, kuanzia mwaka 1936, serikali ya Ubelgiji ilifungua mjini Léopoldville shule ya wale walioitwa asistanti medikali wenyeji. Masomo yalikuwa ya miaka 6: miaka 4 darasani, na miaka 2 ya staje hospitalini. Ukiangalia urefu wa masomo hayo, hayako mbali sana na yale ya munganga. Asistanti alijifunza viungo vya mwili, magonjwa, maabara, na alishika kisu chumbani mwa upasuaji. Alipomaliza, alitumwa kazini chini ya munganga Mubeleji, hata pale ambapo Mubeleji huyo alikuwa kijana aliyeshuka juzi kwenye ndege na hajawahi kuona mgonjwa wa malale.

Ngazi hiyo ya asistanti ndiyo Sendwe aliifikia, na ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa Mukongomani. Alitaka kuendelea hadi udaktari, lakini katika Kongo ya Wabeleji masomo hayo hayakuwepo. Akafanya kazi katika hospitali za serikali kama asistanti medikali.

Wakubwa wa koloni walikuwa na jibu lao. Walisema wanajenga kutoka chini: kwanza shule za msingi na zahanati kwa wote, halafu, polepole, vyuo vikuu. Ni kweli kwamba zahanati na kampeni zao dhidi ya malale vilisifiwa hata na wageni. Lakini ng'ambo ya mpaka, Uganda, Makerere na hospitali ya Mulago walikuwa wakifundisha vijana Waafrika udaktari tangu miaka ya 1920. Dakar, Wafaransa walikuwa na shule ya wanganga Waafrika tangu mwaka 1918, na Félix Houphouët-Boigny, aliyekuja kuwa rais wa Côte d'Ivoire, alitoka hapo mwaka 1925. Diploma za Dakar zilikuwa na mipaka yake, ndiyo. Hata hivyo, Wabeleji wangeweza kufanya mapema zaidi. Hawakutaka.

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954. Sendwe alikuwa na miaka 37. Kwa mpango wa Ubelgiji, udaktari ulichukua miaka 7, na mwanafunzi wa Lovanium alikuwa kijana aliyetoka sekondari, asiye na zamu ya hospitali wala mgonjwa anayemngoja. Kwa mtu mzima mwenye kazi, mlango huo ulikuwa umefunguliwa kwa ajili ya wengine.

Mwaka 1957, Sendwe alikuwa kati ya waliounda chama cha Waluba wa Katanga, kilichojulikana baadaye kama BALUBAKAT, akawa kiongozi wake. Mwanzoni kilikuwa chama cha kusaidiana mjini. Kisha siasa iliwaka moto. Kwa miezi kadhaa ya 1959 kilitembea pamoja na CONAKAT ya Moïse Tshombe, wakaachana kabla ya mwaka kwisha. Sendwe alikwenda Brussels kwenye Meza ya Duara ya Januari 1960, na Mei mwaka huo akachaguliwa kuwa mbunge wa taifa. Patrice Lumumba alimteua kuwa kamishna wa serikali katika Katanga. Kazi hiyo haikufanyika: tarehe 11 Julai Tshombe alitangaza kuitenga Katanga na Kongo.

Yaliyofuata kaskazini mwa Katanga ni historia chungu. Vijiji vya Waluba vilichomwa na wanajeshi wa Tshombe, na makumi ya maelfu ya Waluba walioishi Elisabethville walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa mwaka 1961. Lakini vijana waliojiita wa chama cha Sendwe nao walimwaga damu, pamoja na ile ya wanajeshi wa amani kutoka Ireland waliovamiwa Niemba mwezi Novemba 1960. Si haki kumbebesha mtu mmoja yote hayo. Si haki pia kuyaacha nje ya maisha ya kiongozi wao.

Wakati siasa inamchukua, jambo lingine lilitokea upande ule alioutoka. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na munganga hata mmoja Mukongomani. Ilikuwa na asistanti medikali zaidi ya 100. Jeshi lilipoasi wiki moja baadaye, wanganga wengi Wabeleji walifunga masanduku wakaenda. Hospitali zikabaki na wauguzi na asistanti, watu waleweale waliokuwa wakiambiwa kila siku kwamba hawawezi kuachwa peke yao.

Shirika la Afya Duniani lilileta wanganga wa kigeni kuziba pengo. Kisha likafanya hesabu ambayo utawala wa koloni haukuifanya: kama asistanti ameshasoma miaka 6 na amefanya kazi miaka mingi hospitalini, anabakiza nini? Jibu lilikuwa miaka kama 3. Makumi ya asistanti wakatumwa Ufaransa, wakaingia vyuo vikuu katika miaka ya juu, wakafanya staje katika hospitali za huko, wengine wakiwa na mvi. Waliosaidia upasuaji kwa miaka mingi walisimama tena nyuma ya profesa wakiwa na daftari. Mwaka 1963 wa kwanza walirudi wakiwa wanganga kamili.

Hesabu hiyo haikuwa rahisi. Kila asistanti aliyepanda ndege aliacha vitanda nyuma yake, katika inchi iliyokuwa vitani na isiyo na wanganga. Swali la nani atabaki na wagonjwa wakati muuguzi anasoma ndilo hilohilo linaloulizwa leo katika vituo vingi vya afya vya Kivu.

Sendwe hakuwa tena mtu wa kungojea nafasi hiyo. Kuanzia Agosti 1961 hadi Januari 1963 alikuwa naibu wa pili wa waziri mkuu katika serikali ya Cyrille Adoula, Léopoldville. Septemba 1963, miezi michache baada ya kujitenga kwa Katanga kumalizika, akawa rais wa jimbo jipya la Katanga ya Kaskazini, lenye makao yake Albertville, Kalemie ya leo. Jimbo lilikuwa maskini, na wanasiasa wake waligombana bila kupumzika. Machi 1964 aliondolewa kwa muda mfupi, akarudi.

Moto uliommaliza ulitoka upande wetu. Katikati ya Mei 1964 waasi waliokuja kuitwa Simba waliuteka mji wa Uvira, wakashuka kando ya Ziwa Tanganyika. Mwezi Juni walifika Albertville. Jason Sendwe aliuawa huko tarehe 19 Juni 1964, akiwa na miaka kama 47. Miezi miwili baadaye Simba walipanda hadi Bukavu, na jeshi likiongozwa na Léonard Mulamba likawarudisha nyuma. Kufikia hapo, asistanti wa zamani waliotoka Ufaransa walikuwa wamekwisha kuanza kazi katika hospitali za Kongo, wakisaini karatasi za wagonjwa kwa jina la dokta.