Macho ya Johannes Rebmann

Johannes Rebmann alizaliwa Ujerumani mwaka 1820, akafika Mombasa mwaka 1846 kuwa mmisionari pale Rabai. Tarehe 11 Mei, 1848, akiwa na umri wa miaka 28, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa safari aliuita baridi tu; Rebmann, mtu wa nchi za theluji, aliitambua mara moja. Ndivyo kuona kulivyo: jicho huleta picha, ubongo huifasiri kwa yale unayoyajua. Huko London Bwana Cooley, ambaye hakupata kuikanyaga nchi hii, alidai kuwa macho yamemdanganya! Mwaka 1862 Baron von der Decken alipanda sehemu ya mlima, na theluji ikathibitika.

Rebmann alibaki Rabai, akikusanya maneno ya kamusi. Wazee wetu twawajua: hata wakiwa na miwani mizuri, ubongo wao huchelewa kutenga kitu kimoja kati ya vingi, hasa magharibi kiza kikiingia. Yaliyompata Rebmann yalizidi hayo, maana macho yenyewe yalikufa. Mwaka 1875 alirudi Ujerumani karibu kipofu, akisindikizwa na Isaac Nyondo, akafa Korntal mwaka 1876. Kamusi yake ya Kinyasa ilichapishwa mwaka uliofuata.